Mzigo Umetuliwa, Wimbo Umebaki: Uhai wa Nyimbo za Njia ya Misafara katika Unyamwezi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sababu za kudumu kwa nyimbo za jadi zilizokua katika njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Kazi ya upagazi iliyozilea nyimbo hizo ilianza kufifia reli ilipofika Tabora mwaka 1912, lakini namna yake ya kuimba ilihamia shambani, katika ngoma za mashindano, na hata katika nchi za mbali walikohamia Wanyamwezi. Tunadai kwamba kilichodumu si maneno, wala si lugha yenyewe, bali mgawanyo wa kazi kati ya kiongozi na waitikiaji: kiitikio kifupi kisichobadilika, na nafasi iliyo wazi ambayo kila kiongozi huijaza kwa jambo la siku hiyo. Dai hili linatutaka tukipitie upya kipimo tunachotumia kuhakiki nyimbo za bara, na pia tujiulize tunahifadhi nini tunaposema kwamba tunahifadhi wimbo.

1. Utangulizi

Mgeni afikaye Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Ataona kuta, vyumba na ua. Hataonyeshwa wimbo, na hilo si ajabu, kwa kuwa ukuta ukitunzwa husimama peke yake, ilhali wimbo huhitaji koo la kuutoa na sikio la kuupokea. Hata hivyo, watu waliopita mbele ya kuta hizo, wapagazi waliobeba nguo na shanga kwenda bara na pembe za ndovu kwenda pwani, walikuwa waimbaji kabla ya kuwa chochote kingine machoni pa wasafiri waliowaandika. Karibu kila mgeni aliyesafiri nao katika karne ya 19 aliwasikia wakiimba, na wengi wao walilitaja jambo hilo, hata wale ambao hawakulielewa.

Swali la makala haya ni jepesi kuuliza: kwa nini wimbo wa mpagazi uendelee kuwavutia watu ambao hawajawahi kubeba mzigo? Majibu mawili huzoeleka. La kwanza ni la kumbukumbu: watu hupenda wimbo wa jadi kwa sababu unawakumbusha wazee wao. La pili ni la lahani: wimbo hupendwa kwa kuwa sauti yake ni tamu. Yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Kumbukumbu haielezi kwa nini wimbo mmoja unakumbukwa na mwingine unasahauliwa, ingawa wote ni wa wazee walewale. Utamu wa lahani nao hauelezi kwa nini wimbo huohuo hubadilishwa maneno kila kizazi na bado watu wakauita wa kale. Tunapendekeza jibu la tatu, linalotokana na umbo la wimbo wenyewe.

2. Njia na waimbaji wake

Njia ya kati ilianzia kwenye miji ya Mrima, hasa Bagamoyo, ikapanda kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kaze, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba. Miezi hiyo mitano ilikuwa ya miguu, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake.

Ni muhimu kusema waziwazi wapagazi hao walikuwa nani. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya njiani, anaonyesha kwamba Wanyamwezi waliobeba mizigo walikuwa kwa sehemu kubwa watu huru waliopatana ujira, wenye fahari ya kazi yao na wenye desturi zao za kudai haki, ikiwamo kugoma. Kwa kijana wa Unyamwezi, kufika pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha utu uzima. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha pia mateka waliofungwa pamoja. Anayezisifu nyimbo za njia bila kukumbuka hilo anausikiliza msafara nusu. Kulikuwa na waliotembea kwa kuimba na waliotembea kwa kulazimishwa, na mara nyingine walitembea katika mstari mmoja.

Msafara uliongozwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na kuamua mwendo. Nyuma yake walifuata watu mmoja mmoja katika kijia chembamba, na katika misafara mikubwa mstari huo ulirefuka kiasi kwamba wa mbele hakumwona wa nyuma. Hali hii ya njia ina uzito katika hoja yetu. Shairi refu lenye beti zilizokamilika halisikiki mwishoni mwa mstari kama huo. Kinachosikika ni neno fupi linalopokewa na kundi moja na kupitishwa kwa jingine, mpaka mtu wa mwisho ajue kwamba wenzake bado wako mbele na hawajasimama. Kiitikio kilikuwa kamba ya msafara.

Kilikuwa pia uwanja wa kusema yasiyosemeka. Burton mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1860, anasimulia jinsi wapagazi walivyomwimba yeye kama mzungu asiye mwema, huku wakiahidi kumfuata mradi chakula kipo.  Sisi tunaweza kuisoma hivi. Watu waliokuwa wakilipwa na bwana huyo walimwambia mbele ya masikio yake, kwa sauti ya wote, masharti ya utiifu wao. Hakuna aliyeweza kuadhibiwa, kwa sababu hakuna aliyesema, wote waliimba.

3. Umbo: nafasi iliyo wazi

Ili umbo hili lionekane, tutumie mfano tulioubuni wenyewe kwa ajili ya uchambuzi. Si nukuu ya wimbo wowote. Tuseme kiitikio ni maneno mawili tu:

Kiongozi: Jua hili kali!
Wote: Twende tu.
Kiongozi: Mlima ule mrefu!
Wote: Twende tu.
Kiongozi: Nyapara yule mkali!
Wote: Twende tu.

Waitikiaji hawakubadili hata silabi moja, lakini hawakusema jambo moja. Katika jibu la kwanza kuna uvumilivu: jua halina dawa. Katika la pili kuna juhudi: mlima una mwisho. Katika la tatu kuna tabasamu, na pengine kitisho kidogo: nyapara naye ana mwisho wake. Maana ya kiitikio haimo ndani ya kiitikio. Inatoka katika kile kiongozi alichokiweka kabla yake. Kwa upande mwingine, neno la kiongozi halina nguvu mpaka liitikiwe. Akitaja jambo ambalo kundi halikubaliani nalo, jibu hulegea, na kila mtu hujua.

Sarufi ya Kiswahili, kama ya Kinyamwezi, inalisaidia umbo hili. Kiongozi anaweza kubadili nomino ya ngeli yoyote na kivumishi chake kikafuata, jua hili, mlima ule, nyapara yule, ilhali kitenzi cha kiitikio kimeelekezwa kwa nafsi ya waimbaji wenyewe. Kwa hiyo hakuna upatanisho unaovunjika kati ya sehemu hizo mbili. Ulimwengu wote unaweza kupita katika nafasi ya kiongozi, darasa kwa darasa la nomino, na “sisi” wa kiitikio wakabaki walewale.

Hapa ndipo penye siri ya mvuto. Msikilizaji wa wimbo wa namna hii hahitaji kuujua ili aingie ndani yake. Baada ya mizunguko miwili anakijua kiitikio, na baada ya mizunguko mitatu ni mwimbaji. Methali husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeutazama haoni uzito wake. Kiitikio huupunguza umbali huo kidogo, kwa sababu humfanya mtazamaji aweke pumzi yake mahali pamoja na pumzi ya mbebaji.

4. Kutoka begani hadi jembeni

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gari-moshi lilikwenda kwa siku chache mwendo uliochukua miezi, nalo halikuhitaji kirangozi. Kama wimbo wa njia ungekuwa mali ya mzigo peke yake, ungekufa hapo. Kilichotokea kwanza kilikuwa kinyume, tena kwa njia ya uchungu: Vita vya Kwanza vya Dunia viliwarudisha wapagazi njiani kwa maelfu mengi, safari hii bila mapatano. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam umebeba hadi leo jina la kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza. Tabora yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916.

Baada ya vita, umbo lilihama kwa utulivu zaidi. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, majirani na ndugu wa lugha wa Wanyamwezi, ameziweka nyimbo za wawindaji, za wapagazi na za wakulima katika mfululizo mmoja. Mpangilio huo una mantiki. Kundi la vijana wanaolima shamba la mtu kwa zamu lina mahitaji yaleyale ya msafara: mstari wa watu, chombo kizito kinachopaswa kwenda pamoja, bwana wa kazi anayetazama, na njaa inayosubiri. Anayeimbisha, ambaye Kiswahili cha bara humwita manju, amesimama pale aliposimama kirangozi. Katika mfano wetu hapo juu inatosha kuondoa “mlima ule” na kuweka “tuta hili”, nao wimbo umekwisha kuhama kazi bila kubadili jibu lake.

Bugobogobo, ngoma ya wakulima inayochezwa kwa majembe, ni ushahidi unaojulikana zaidi wa uhamisho huu. Ngoma hiyo imetoka shambani ikaingia katika mashindano ya makundi, kisha katika majukwaa ya shule na ya vikundi vya utamaduni, na jembe ambalo zamani lilikata udongo sasa hurushwa hewani na kudakwa. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuipoteza asili. Lakini jembe lenyewe lilikuwa limeuchukua wimbo kutoka kwa mzigo. Asili ya nyimbo hizi ni kuhama.

Mjini Tabora nako, katika miaka ya 1960 na 1970, bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilicheza dansi kwa magitaa ya umeme, na ya pili ilichukua jina lake kutoka Unyanyembe, dola iliyowapokea wafanyabiashara wa misafara. Hatudai kwamba muziki huo ni wimbo wa wapagazi uliovaa suruali. Rumba ya Kongo na ya Kuba ina sehemu yake kubwa. Tunasema tu kwamba msikilizaji wa Tabora aliyeingia ukumbini hakuhitaji kufundishwa kuitikia.

5. Wimbo ugenini

Ushahidi mzito zaidi wa hoja yetu uko nje ya Unyamwezi. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mtu wa kutoka Usumbwa, magharibi ya Unyamwezi, alikwenda na wenzake katika nchi ya shaba, Katanga, akajenga dola iliyokuwa na makao yake Bunkeya. Aliuawa hapo tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa na Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Watu wake, Bayeke, walibaki. Kwa vizazi vilivyofuata lugha ya majirani zao iliwaingia nyumbani, na lugha waliyokuja nayo ikabanwa zaidi na zaidi katika nyimbo na sherehe za utawala. Mwami Antoine Mwenda Munongo, mtawala wa ukoo huohuo, alizikusanya na kuzichapisha nyimbo za kihistoria za watu wake.

Hapa wimbo umefanya kazi isiyo ya mzigo wala ya jembe. Umeishikilia lugha pale ambapo mazungumzo ya kila siku yaliiachia. Nalo eneo hilohilo la Katanga, lenye Kiswahili chake, ndilo lililomtoa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, ambaye wimbo wake “Masanga” ulirekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Gitaa la mtu mmoja halina waitikiaji. Lakini katika upigaji wa aina hiyo nyuzi nene na nyuzi nyembamba hupokezana, na sikio lililolelewa katika kiitikio hulitambua jibu hata pasipo na kundi.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Ayalandi, nchi ambayo nyimbo zake za jadi huimbwa leo katika miji mingi duniani, ilipita njia inayofanana na hii. Mwaka 1792 Edward Bunting aliandika mjini Belfast lahani za wapiga vinubi wachache waliokuwa wamebaki. Kuanzia mwaka 1808 Thomas Moore alianza kuchapisha maneno ya Kiingereza juu ya lahani za namna hiyo, huku lugha ya Kiayalandi ikizidi kurudi nyuma katika sehemu kubwa ya nchi. Wahamiaji walizibeba nyimbo hizo kwenda Marekani na kwingineko. Maneno yalibadilika, hata lugha ikabadilika, lakini mkusanyiko wa watu wanaojua mahali pa kudakia haukuvunjika. Tofauti iliyopo ni kwamba huko lahani ndiyo iliyobeba wimbo. Katika Unyamwezi na Katanga, kwa maoni yetu, umbo la kupokezana lilibeba zaidi.

6. Kipimo cha pwani na wimbo wa bara

Iwapo nyimbo hizi zina nguvu kiasi hiki, kwa nini zimepata nafasi ndogo katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili? Njia ya misafara haikupuuzwa katika nathari. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na simulizi zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli husomwa kama misingi ya nathari yetu. Kilichoachwa ni wimbo.

Sababu mojawapo ni kipimo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichofafanua vina, mizani na utoshelezi kwa uwazi ambao haujapitwa. Mwandishi huyo hakuwa mtu wa Lamu wala Mombasa. Alizaliwa Ujiji na kusoma Tabora. Yaani alitoka katika vituo viwili vikuu vya njia yenyewe. Hilo halimpunguzii hadhi. Linaonyesha jinsi kipimo cha pwani kilivyokuwa kimepanda njia pamoja na nguo na shanga, hata mtoto wa mwisho wa njia akawa mtunza sheria wake. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, ambamo Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) na Malenga wa Bara cha Mulokozi na Kahigi (1976) vilichapishwa, ulihoji ulazima wa vina na mizani, lakini ulibaki kwa sehemu kubwa mjadala wa mashairi ya kuandikwa.

Ukiupima wimbo wa njia kwa kipimo hicho utaupata pungufu: hauna ubeti uliotosheleka, mizani yake hupanuka na kubana kwa pumzi, na jibu lake hujirudia. Lakini kujirudia huko kulikoonekana kuwa umaskini ndiko kulikouacha mlango wazi. Utenzi uliokamilika humpa msomaji jambo la kuhifadhi. Wimbo wa njia humpa jambo la kufanya. Hivi ni vipaji viwili, na fasihi ya Kiswahili inavyo vyote.

7. Tunahifadhi nini?

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na miongoni mwa vituo vyake ni Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Hatua hiyo ni njema. Rekodi nazo zipo: Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, ukiwamo wa Wanyamwezi, na mikusanyo yake imetunzwa Afrika Kusini. Mtafiti hawezi kuzidharau.

Lakini rekodi hushika siku moja ya wimbo. Hutupatia yale kiongozi aliyoyaweka mchana huo mbele ya kinasa-sauti, nayo huyafanya yaonekane kuwa ndiyo wimbo wenyewe. Mwalimu akiyachukua maneno hayo na kuwakaririsha wanafunzi neno kwa neno kwa ajili ya tamasha, atakuwa ameokoa maneno na kuifunga nafasi. Wanafunzi wataimba juu ya bwana ambaye hawajapata kumwona, na hakuna atakayethubutu kumtaja bwana wa leo.

Tunapendekeza mambo mawili ya vitendo. Kwanza, anayekusanya nyimbo za jadi akusanye kila wimbo zaidi ya mara moja, kwa viongozi tofauti na katika shughuli tofauti, ili kile kinachobadilika na kile kisichobadilika vionekane. Pili, katika ufundishaji wa fasihi simulizi, mwanafunzi apewe kiitikio na atakiwe kutunga sehemu ya kiongozi mbele ya wenzake, ambao watakuwa na haki ya kuitikia kwa nguvu au kwa ulegevu. Huo ndio uhakiki wa zamani zaidi tulio nao, na hauhitaji kitabu.

8. Hitimisho

Tumedai kwamba nyimbo za njia ya misafara zimedumu kwa sababu hazikuwahi kukamilika. Zilizaliwa katika mstari wa watu waliohitaji neno fupi la kuwaunganisha, nazo zikaacha pengo ambalo kila kizazi kimelijaza kwa jua lake, mlima wake na nyapara wake. Zilihama kutoka begani hadi jembeni, kutoka Unyanyembe hadi Bunkeya, na kutoka Kinyamwezi hadi Kiswahili, zikipoteza maneno kila kituo bila kupoteza waitikiaji. Kazi ya mtafiti ni kuyaandika maneno hayo kwa uangalifu wote, huku akikumbuka kwamba sehemu ya kiongozi bado inangoja mtu. Siku itakapokosa wa kuijaza, kumbukumbu zote za makumbusho na maktaba zitatueleza kwa usahihi mkubwa jinsi watu walivyokuwa wakiimba, na hazitaweza kutuitikia.